Barua Isiyo na Asante

Kibomet, Kitale
Jumapili, baada ya kanisa

Senge,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nimeipalilia mwenyewe wiki jana, na yale maua ya manjano uliyokuwa ukiyaita magugu yamekubali kuota kichwani pako. Mimi sijambo. Watoto hawajambo. Nimekaa hapa mlangoni, mashine ya taipu iko juu ya stuli, lakini hii yako naiandika kwa kalamu. Ulikuwa ukisema barua ya mashine ni ya ofisi, ya mkono ndiyo ya mtu.

Nina habari moja tu kubwa na nimeibeba tangu Alhamisi kama trei ya mayai. Ile barua nimeiandika. Nimeipeleka mwenyewe ofisi ya serikali Bungoma, nimesimama dirishani mpaka ikagongwa muhuri, na nakala yake ninayo hapa. Muhuri ni wa zambarau, umepinda kidogo kwa sababu karani aliugonga kwa hasira. Haina asante hata moja, Senge. Nimeikagua mara tatu.

Najua utasema nimechelewa miaka tisa. Ndiyo, nimechelewa. Hilo nitalifikia, usinikimbize.

Nianze na kijito, maana ndicho unachotaka kusikia. Kiko vile vile ulivyokiacha, rangi ya chai ya turungi iliyolala, na juu yake lile povu. Kiwandani wamewasha tanuri la pili. Bado wanachoma tairi kuukuu wakikosa kuni, na masizi yanatua juu ya kila kitu, kwa hiyo Nanjala, jirani yako wa chini, siku hizi anaanika shuka ndani ya nyumba kwenye kamba inayopita juu ya kitanda. Mwanao Wekesa amebadilisha mabati ya jikoni. Ng'ombe wako yuko kwake na amebaki na kiburi chako. Akipelekwa kijitoni ananusa, anageuka, anarudi zake nyumbani. Hakuna aliyemfundisha.

Mimi pale kijitoni ulinifundisha wewe. Baba, kaka yako, alipofariki ukaja kunichukua, kitu cha kwanza ulichonipa mkononi kilikuwa kibuyu kidogo, hata kabla ya chakula. Ulinionyesha lile jiwe la kusimamia, ukanionyesha namna ya kusukuma majani kwa mgongo wa mkono, kungoja maji yatulie, kisha kuchota bila kugusa chini. Nilikuwa na haraka ya watoto, nikachota na mchanga. Uliyamwaga yote. Ulisema maji hayafukuzwi, si kuku. Mpaka leo nikifungua bomba hapa Kibomet nangoja kidogo kabla ya kuweka sufuria, na watoto wananicheka.

Tusidanganyane lakini. Kiwanda kilipokuja, tulifurahi. Siku walipochemsha miwa mara ya kwanza harufu ya sukari nguru ilishuka bondeni hadi Kabuchai nzima ikajua, na wewe ulipiga vigelegele kuliko wote. Ulikuwa na robo ekari ya miwa iliyokuwa ikizeekea shambani. Mwenye kiwanda alikuwa mtu wa huko huko kwetu, mtu wa kusalimia watu kwa majina. Ulimsifu kwangu. Uliniletea bonge la sukari lililofungwa kwa majani ya mgomba, ukasema sasa hata sisi tumepata kitu chetu.

Halafu wakachimba mtaro. Ulitoka nyuma ya tanuri, ukapita kando ya shamba la Nanjala, ukaingia kijitoni juu kidogo ya jiwe letu. Maji ya kuoshea mapipa, molasi iliyoungua, majivu, sijui na nini kingine. Msimu wa kwanza tulisema mvua itasafisha. Msimu wa pili samaki wadogo wale wa kuchezea walielea wamelala ubavu. Msimu wa tatu wanawake wakaanza kupanda mlima na mitungi kwenda kwa mwenye kisima, kuomba kwa zamu, na kurudi wakati watoto wamekwishaenda shule bila uji.

Ulipomwendea mwenye kiwanda alikukaribisha kiti. Alikuambia kwa upole kwamba miwa iliyomo mle ni yako pia. Hilo lilikuchoma, nakumbuka, uliniambia ulirudi nyumbani kimya. Lakini kesho yake ulirudi ukamwambia lile neno ambalo Nanjala bado analirudia: "Mimi nilikuletea miwa. Mto sikukuletea."

Wanaume, Senge, unawajua wanaume wetu. Kwa miaka mitatu walisema ni mambo ya wanawake na mitungi yao. Kisha ikaja Agosti ya mwaka wa kutahiri, vijana wakapelekwa mtoni asubuhi na mapema kupakwa tope kama ilivyo desturi, na tope likanuka. Walirudi nyumbani wakijikuna mbele ya umati, watu ambao hawatakiwi hata kupepesa jicho. Wazee wakafoka. Siku hiyo hiyo kila mzee akagundua kwamba maji ni jambo zito. Uliwacheka mpaka ukakaa chini. Ulisema tungejua, tungewapaka tope mapema.

Ndipo ukaja kwangu Kitale na mkungu wa ndizi kichwani. Nilikuwa nimemaliza chuo cha uhazili, nina mashine yangu na kiti changu kwenye veranda ya duka la vyuma la Mzee Gurdip, na bango dogo la kuandika barua za kila aina. Uliketi kwenye sanduku la misumari ukaniambia niandike. Ulisema maneno machache tu. Kwamba maji yananuka. Kwamba serikali ije. Nilikuuliza, kwa nini serikali, kiwanda si cha serikali? Wewe ndiwe mtu wa kwanza niliyemwuliza swali hilo, nami nimekuja kuulizwa mimi mara nyingi baadaye. Ulinijibu ukitazama barabara, kwa Kiswahili chako ambacho serikali yake ilikuwa na l mahali pa r:

"Selikali ilikuja kwangu ikapima choo. Ilitumbukiza fimbo, ikasema futi haitoshi, nichimbe tena. Nikachimba. Basi selikali inajua kupima. Ikuje na ile fimbo ipime mtaro ya huyu."

Nakumbuka choo kile. Afisa wa afya alipita boma kwa boma na fimbo yake iliyotiwa alama, akainama, akatumbukiza, akaandika kwenye daftari. Wewe, mjane, mwenye mgongo unaouma, ulipewa siku kumi na nne. Ulichimba wewe na jembe lako, hukulalamika. Ulisema ni sheria na sheria ni nzuri, choo kifupi kinaleta magonjwa. Uliiamini ile fimbo. Ndiyo maana ulikuwa ukiingoja kiwandani kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi kuja.

Sasa hapa ndipo ninapokuja kwenye kosa langu, na nitalisema lote.

Kama ningeandika ulivyosema, barua ingekuwa na mistari mitano. Lakini nilikuwa nimesoma, Senge. Chuoni tulifundishwa kwamba mkubwa haandikiwi hivi hivi. Unaanza na shukrani, unamlainisha, ombi unaliweka mwishoni kwa adabu. Na nyakati zile, unakumbuka, mtu akisema tu barabara ina mashimo anaulizwa katumwa na nani. Kwa hiyo niliandika kurasa mbili. Niliishukuru serikali kwa amani. Nikaishukuru kwa kiwanda, kwamba kimeleta maendeleo mashinani. Nikawashukuru maafisa wa afya kwa kututembelea mara kwa mara. Mwisho nikatoa asante ya nne, ya kutanguliza, kwa kuwa tunajua mtatusaidia. Na katikati ya ukurasa wa pili nikaweka sentensi moja: kwamba, ikiwezekana, nafasi ikipatikana, suala dogo la maji liangaliwe.

Suala dogo la maji. Niliipiga taipu hiyo kwa vidole kumi, bila kosa, na nikajivunia.

Nilikusomea. Uliuliza, "Na kunuka iko wapi?" Nikakuambia imo, ila imesemwa kiofisi. Ulinitazama, ukasema wewe ndiwe uliyesoma. Mzee Gurdip alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akaomba aione. Aliisoma polepole, akanirudishia. "Nekesa, hii barua nasema asante mara ine. Shida iko wapi?" Nikamwonyesha ukurasa wa pili. Akatikisa kichwa. "Mkubwa nasoma karatasi moja, halafu nakunywa chai." Nikaona mzee huyu wa misumari anajua nini kuhusu barua.

Uliipeleka nyumbani, watu wakatia sahihi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, kila mtu alijua wa kwanza ndiye anayeitwa. Ulibonyeza kidole chako juu kabisa, pale pa namba moja, na wazee waliofoka juu ya tope wakapanga majina yao nyuma ya kidole chako.

Sikukuu ya Desemba nilikuja nyumbani. Uwanja wa shule ulijaa. Shule ziliimba, kina mama wa kikundi wakacheza, kisha mkubwa wa tarafa akasimama mbele ya kipaza sauti na karatasi mkononi. Akasema amepokea barua ya kutia moyo kutoka kwa wananchi wa sehemu hii. Akaanza kusoma. Yalikuwa maneno yangu, Senge. Amani. Maendeleo mashinani. Maafisa wa afya. Yalikuwa yakisikika mpaka ng'ambo ya bonde, yamenyooka, yana heshima, na mimi nilipiga makofi. Nataka ujue hilo kutoka kwangu. Nilikuwa nyuma ya kikundi cha kina mama na nilipiga makofi kwa nguvu. Ukurasa wa pili sijui kama aliugeuza.

Kisha akamwita mwenye kidole cha kwanza asimame apongezwe. Ukasimama. Ulikuwa umevaa lile gauni la bluu la kanisani. Watu walikupigia makofi, mwenye kiwanda pia, kutoka kiti cha mbele. Niliuona uso wako na mikono yangu ikasimama hewani. Ulingoja makofi yaishe yote.

"Balua ni yangu. Asante si yangu. Mimi nilisema maji inanuka."

Chifu alicheka kwenye kipaza sauti akasema mama amepitia kwenye pombe ya busaa. Watu wengine wakacheka kwa sababu chifu amecheka. Askari wawili wakakushika mikono, na hukugombana nao, ulitembea mbele yao kana kwamba wewe ndiye unayewapeleka. Wimbo uliofuata ukaimbwa.

Ulilala kwenye kambi ya chifu, ukatoka kesho yake mchana. Walikuuliza nani alipiga ile barua taipu. Ulisema umesahau. Ulikuwa unajua namba ya kitambulisho changu kwa kichwa, Senge, ulikuwa unajua siku na saa niliyozaliwa, lakini jina la aliyepiga barua ulilisahau. Na chifu alipokuuliza, kama tulivyouliza wote, kwa nini unasumbua serikali na kiwanda si chake, ulimjibu hivi, uliniambia mwenyewe: "Nikienda kwa mwenye kiwanda ananionyesha karatasi, ati selikali ilimluhusu. Nikikuja kwako unaniambia kiwanda si yako. Sasa niende kwa nani, kwa samaki?"

Mwezi uliofuata ulikuja tena Kitale na mkungu wa ndizi. Sikuweza kukutazama. Hukunigombeza. Ulikaa kwenye sanduku la misumari, ukasema maneno sita: "Andika tena. Mala hii ondoa asante." Nami nikakuambia utepe wa mashine umekwisha, naagiza mwingine.

Utepe haukuwa umekwisha. Niliogopa. Baba watoto alikuwa mwalimu, tulikuwa tumesikia ya mwalimu aliyepewa uhamisho kwenda mbali jangwani kwa neno dogo kuliko hilo. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Nilijipa sababu zote hizo na zilikuwa za kweli, lakini uliulizwa jina langu ukalisahau, na mimi nikashindwa kukumbuka jina lako kwenye karatasi. Ulikuja mara ya pili, ukauliza utepe. Mara ya tatu ukauliza utepe. Kisha ukaacha kuuliza, ukawa unaleta ndizi tu, tunaongea habari za watoto. Hapo ndipo iliponiuma zaidi, na hata hapo sikuandika.

Sisemi maji ndiyo yaliyokuua. Daktari aliandika presha, na mimi sina karatasi ya kupinga karatasi yake. Mwaka huu ni wa pili tangu tukuzike. Lakini ya mazishi yako huyajui, kwa hiyo nakuambia.

Watu walikuwa wengi. Chakula cha watu wote wale kingepikwa na nini? Kijito hakifai, kisima cha mlimani hakitoshi. Asubuhi tukasikia trekta. Mwenye kiwanda ameleta maji, Senge. Matangi mawili, maji safi, kutoka kisima chake alichochimbiwa ndani ya ua wa kiwanda. Yalitumika kwa kila kitu. Walikuosha nayo. Na chifu aliposimama kusema machache, alimsimamisha yule bwana mbele ya jeneza lako akasema tumshukuru ndugu yetu, mtu asiyesahau watu wake, ametuletea maji. Watu wakasema asante. Umati mzima, kwa sauti moja, kama kanisani. Mimi nilikuwa karibu na kichwa chako na nilisikia mdomo wangu mwenyewe ukianza kulisema.

Niliufunga. Ndiyo mara ya kwanza.

Siku ya tatu tulikuwa tunasugua masufuria nyuma ya nyumba, na Nanjala akasema bila kuinua kichwa, "Amemchafulia maji miaka yote, halafu anamwosha kwa ya kwake." Nilitaka kuwaambia hapo hapo kwamba barua ile ya asante niliandika mimi. Nikawaambia. Nilifikiri watanitupia sufuria. Nanjala alisema walijua siku nyingi, nani mwingine angeandika maneno marefu hivyo. Kisha akaniuliza utepe wa mashine umepatikana?

Kumbe uliwaambia. Na hukuwaambia kwamba nadanganya.

Hata baada ya hapo sikuruka kama shujaa, nisijisifu kwenye barua ya marehemu. Imechukua muda. Siku hizi ni za vyama vingi, watu wanasema wanachotaka mbele ya duka, lakini chifu ni yule yule na kiti chake ni kile kile. Kina mama walitaka majina yaandikwe kwa duara ili asiwepo wa kwanza. Tulichukua mfuniko wa ile sufuria yako kubwa, tukauzungushia kalamu, na kila mmoja akaandika jina au akabonyeza kidole kuzunguka mstari. Wengine walipenda duara kwa sababu ya woga, sikufichi. Lakini Nanjala alipenda kwa sababu nyingine. Alisema pale pa kwanza pana mtu wake tayari, na mtu mwingine asikae. Wanaume walikuja safari hii kabla ya mwaka wa kutahiri, si wote, nimewahesabu kumi na mmoja. Mfuniko haukutosha, tukaongeza duara la nje.

Niliipiga taipu pale pale verandani. Mzee Gurdip amezeeka, mwanawe ndiye anayeuza, yeye anakaa na kikombe chake tu. Aliomba aione kama zamani. Ilikuwa ukurasa mmoja. Akaisoma, akaigeuza nyuma kutafuta, hakukuta kitu. "Asante iko wapi?" Nikamwambia hakuna, mzee. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Sasa hii iko barua."

Inaanza hivi, kwa jina lako, sikiliza: "Mlikuja mkapima choo cha Nasimiyu mkasema hakitoshi, naye akachimba. Njooni na fimbo ile ile mpime mtaro wa kiwanda." Halafu nimeandika maji yananuka. Nimeandika neno lenyewe, yananuka, sikutafuta lingine. Nimeandika ngozi za watoto zinawasha, samaki wameisha, masizi yanaingia kwenye uji. Nimeandika tangu lini. Mwisho nimeandika tunataka jibu kwa maandishi. Na chini kulia, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote ya kuandikia watu barua, nimeandika: imepigwa taipu na Nekesa, Kibomet. Wakitaka kujua, wasimsumbue mtu msahaulifu.

Alhamisi nilivaa viatu vya kanisani nikaenda Bungoma na Nanjala. Karani alikuwa kijana, ametoka kunyoa, ana kalamu tatu mfukoni. Akaisoma yote, sitamwonea. Akaligeuza lile duara huku na huku kama mtu anayetafuta mkia wa chungu. "Kiongozi ni nani hapa?" Nanjala akamwambia kiongozi amekufa. Akatutazama. Kisha akauliza lile swali, Senge, nikajua tu litakuja. Kiwanda si cha serikali, mbona mnalalamikia serikali?

Nilikuwa nimeandaa jibu refu. Nilitaka kumwambia kuhusu kibali, kuhusu mto kutokuwa shamba la mtu, kwamba mimi na jirani yangu tukigombania mpaka tunaweza kuitana wazee, lakini mtu mwenye trekta na matangi na kiti cha mbele, sisi peke yetu tutamwita kwa nani. Yote ni kweli. Lakini sauti iliyonitoka ilikuwa yako. Nikamwambia tunalalamika kwenu kwa sababu kwetu mlifika. Choo cha mjane mlikijua kilipo. Mnapajua kwetu, basi njooni tena.

Karani akafungua lile daftari kubwa la kuandikia barua zinazoingia, akaandika tarehe, akaandika "Mengineyo." Nikamwambia afute. Akasema hivyo ndivyo wanavyoandika. Nikamwambia mara ya kwanza mliiandika shukrani, mkaisoma kwa kipaza sauti, mkamlaza mwenyewe kambini, safari hii sitoki hapa mpaka niione imeandikwa jina lake. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nanjala aliketi sakafuni, akanyoosha miguu, akafungua mkate. Mtu wa nyuma, mkulima mwenye kofia ambaye hatumjui, akasema mwandikie mama, bana, hata mimi yangu ni hiyo hiyo. Karani akakata mstari, akaandika juu yake "Malalamiko." Ndipo akagonga ule muhuri kwa hasira.

Ni hilo tu. Mtaro bado uko pale leo, maji bado yananuka, na huenda karatasi yetu imelala chini ya nyingine mia. Sikuja kukudanganya kwamba tumeshinda. Lakini wakisema hakuna aliyelalamika, neno limo daftarini, na wino wake haufutiki kwa mate. Karani alisema tukaangalie baada ya wiki. Alhamisi hii tunarudi. Tutarudi na Alhamisi nyingine. Nanjala amesema safari hii anabeba na jiko.

Sasa zile asante nne. Nilizitoa kwenye barua na sikujua nizipeleke wapi, haziwezi kukaa bure. Ya kwanza ni yako, kwa kibuyu, siku ile uliyomwaga maji yangu yenye mchanga. Ya pili ni yako, kwa siku uliyosahau jina langu. Ya tatu ni yako pia, kwa ndizi zote ulizoniletea baada ya kuacha kuuliza utepe. Nilizila, Senge, na kila moja ilinikwama.

Ya nne, ile ya kutanguliza, sikupi wewe na simpi mtu. Nimeiweka. Siku serikali itakapokuja na fimbo yake, ikainama, ikapima mtaro kama ilivyopima choo chako, na ukafungwa, na ng'ombe wako akateremka akanywa, nitaipiga taipu kwenye karatasi safi na kaboni mbili na kuipeleka mwenyewe dirishani. Kabla ya hapo, hapana.

Lala, Senge. Utepe upo, mpya. Alhamisi naenda tena.

Wako,
Nekesa